Mama Gertrude na Ukoka

Watu wa Bunia wakisikia kwamba mjini kwao kuna uwanja wa gofu, hucheka. Upo. Uko juu ya kilima, una njia tisa, na ukisimama kwenye ile ya juu kabisa siku isiyo na ukungu unaiona milima ya upande wa ziwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mimi naitwa Régine, nauza chai, mandazi na bia isiyo baridi sana kwenye buveti ya klabu. Nina miaka kumi na tisa hapo. Nimewaona wachezaji wa kila namna, hata padri mmoja anayepiga mpira vibaya na kuusingizia upepo. Lakini habari zao zingoje. Leo nataka kumsema Mama Gertrude, kwa sababu mwaka huu nusura tumpoteze, na katika kosa lile nami nilikuwamo.

Kwa asiyeujua mchezo, nieleze kidogo. Mwishoni mwa kila njia kuna duara, na ndani ya duara kuna kitundu chenye bendera. Mchezaji anahangaika kilima kizima ili mpira wake uingie katika kitundu hicho. Nchi nyingine duara hilo huwa na majani mafupi, laini. Letu, tangu enzi za Wabelgiji, lilikuwa la mchanga uliochanganywa na mafuta ya vidange, yale meusi yanayomwagwa magaraji. Kilimani hakuna maji, na kiangazi chetu hakimwonei huruma mtu wala jani. Mchanga wenye mafuta haupeperuki, mpira unateleza juu yake vizuri, na mwenye kuutunza anahitaji vitu viwili tu, yaani gunia la kuuburuta juu yake ili unyooke, na mikono ya kung'oa kila jani linalothubutu kuota.

Mikono hiyo ilikuwa ya Mama Gertrude. Alikuja kilimani kutoka Mahagi akiwa bibi arusi, mumewe Sébastien ndiye aliyekuwa mlinzi wa uwanja. Wiki ya kwanza ya ndoa, Sébastien alimpa kisu kilichopinda ncha, akamwonyesha ukoka. Mnaujua ukoka, yale majani yanayotambaa, ukikata hapa yanatokea pale, kila fundo lina mizizi yake. Akamwambia huyo ndiye adui, wengine wote ni wageni tu. Mwaka ule wa vita, watu walipoukimbia mji, wao walikimbia pia, na waliporudi, kabla hata ya kutazama kama nyumba ina paa, Sébastien alipanda kwenye maduara kuona ukoka umefika wapi. Mwanamke gani angevumilia mume wa namna hiyo? Gertrude alimvumilia, tena akawa vilevile.

Sébastien alianguka kwenye duara la namba saba, asubuhi, gunia likiwa bado mkononi. Tulimbeba kumpeleka hospitali, hakurudi. Nyayo za watu waliombeba zilibaki zimechorwa kwenye ule mchanga mweusi, na Gertrude hakuliburutia gunia duara lile wiki nzima. Wachezaji walinung'unika. Mimi niliwaambia anayetaka namba saba inyooke aje aniombe mimi kwanza. Siku ya nane aliinyoosha mwenyewe, na tangu hapo kazi ya mume ikawa yake, pamoja na nyumba ndogo ya klabu iliyo nyuma ya namba tisa, anamoishi na wajukuu wawili.

Tangu arusi yake, miaka ishirini na sita, aling'oa ukoka. Akiujaza kwenye kapu, anautupa mahali pamoja tu, kwenye mteremko wa korongo nyuma ya nyumba yake. Shikeni neno hilo.

Basi mwaka huu, mwezi wa pili, komite ya klabu ikamleta Ingénieur Guelord. Kijana wa Kinshasa, mpole, anavaa kofia kubwa, amesomea majani. Sikujua kama majani yanasomewa. Prezida wa klabu, Bwana Louis, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alituita wote kwenye buveti akasema uwanja utatengenezwa upya mvua za kwanza zikianza. Mifereji ya mteremkoni itazibuliwa, njia zitasawazishwa, na maduara yote yatapandwa majani, moja baada ya jingine.

Mama Gertrude aliinua mkono. "Prezida, majani mu njia, ao majani mu duara?"

"Mu duara, mama."

"Ndani kabisa?"

"Ndani kabisa," akajibu Ingénieur. "Siku hizi batu bote banachezea juu ya majani."

Mama Gertrude alinitazama mimi, kana kwamba anauliza ni nani kati ya hawa amekunywa. Mimi nilikuwa sijauza hata chupa moja. Akauliza mara ya tatu, "Majani?" na Prezida Louis, ambaye si mtu mbaya lakini hapendi kuulizwa mara tatu, akasema lililomkaa moyoni. Wageni wa klabu ya Uganda wangekuja Pentekoste. Siku hiyo duara la kwanza lazima liwe na majani. Likiwa nayo, Mama Gertrude anabaki na kazi yake na nyumba yake. Lisipokuwa nayo, komite itaukabidhi uwanja kwa watu wa Goma wanaofanya kazi hizo, nao wanakuja na wafanyakazi wao, na wafanyakazi hao watahitaji pa kulala.

Alirudi nyumbani kwake bila kumalizia chai. Ilikuwa mara ya kwanza.

Kazi ikaanza. Vibarua walikuja na machepeo wakauchota mchanga mweusi wa duara la kwanza, wakaubeba kwa toroli mpaka barabarani. Mama Gertrude alisimama kando, gunia limekunjwa kwapani, akiwafuata kwa macho kila safari. Nilimwuliza anafikiri nini. Akasema hafikirii chochote, ila anashindwa kuelewa, kama mchanga ulikuwa mbaya, kwa nini kwa miaka yote hiyo walimsifu kwamba ni mzuri. 

Wakamwaga udongo, samadi ya ng'ombe iliyooza na mchanga safi wa mto Shari. Halafu Ingénieur akafungua magunia aliyokuja nayo. Tulitarajia kuona kitu. Tuliona vijiti vyembamba vya rangi ya kahawia, vimekauka nusu, vimesokotana. Majani haya, alisema, yametoka Kenya, yakapita Uganda, ni ya aina teule. Mama Gertrude alichukua kijiti kimoja, akakigeuza, akakinusa.

"Ingénieur, hii imekufa."

"Haiyakufa, mama. Inalala. Mvua itaiamusha."

Vikapandwa, mistari kwa mistari. Siku ya tatu tu ikaja habari kwamba mashine ya kukatia majani imezuiwa na forodha huko Aru, karatasi moja haikupigwa muhuri. Ikabidi Ingénieur aende mwenyewe. Kabla ya kupanda pikipiki alimpa Mama Gertrude maagizo mbele yangu, na maagizo hayo nitayakumbuka mpaka nife.

"Mama, weye njo mukubwa wa hapa sasa. Mwagilia asubui na mangaribi. Majani yote yenye haiko yetu, ngoa. Usiache hata moja."

"Nisiache hata moja," akarudia Mama Gertrude, na uso wake ukapata nafuu kidogo. Hilo angalau alilijua.

Wiki mbili za kwanza hakikuota kitu. Alikuwa anabeba maji kutoka kwenye tangi la buveti, madumu mawili mawili, akipanda kilima na mgongo wake uliochoka, akilimwagilia tope. Wajukuu walimwuliza bibi anamwagilia nini. Halafu mvua ikashuka, mvua yetu ya mwezi wa tatu isiyoomba ruhusa, na asubuhi moja akaja mbio buvetini, miguu imejaa udongo.

"Régine, kuya uone. Kuya mbiombio."

Nilikwenda. Duara la kwanza lilikuwa limechipua, kijani, kila mahali. Nikataka kupiga vigelegele. Akanishika mkono, akainama, akavuta mche mmoja, akauweka kiganjani mwangu. Kifundo, mzizi, kifundo, mzizi.

"Ni nini?" akaniuliza.

"Ukoka," nikasema.

"Ukoka," akasema.

Tulikaa pale ukingoni tukalijadili jambo lile kwa akili zetu zote mbili. Majani ya Ingénieur yalikuwa ya Kenya, aina teule. Haya yalikuwa ukoka wa kwetu, ule ule wa kila siku, unaotambaa mpaka kwenye mlango wa choo changu. Kwa hiyo majani ya Kenya yalikuwa bado yamelala, au yamekufa kama alivyosema tangu mwanzo, na ukoka umeona udongo mzuri, samadi nzuri, maji ya bure, ukaingia. Je, kulikuwa na njia nyingine ya kulielewa? Mimi, ninayejua kila kitu, ndiye niliyekata shauri. Nikamwambia, "Si alisema yenye haiko yetu ingolewe? Toka lini ukoka ikakuwa yetu?"

Aling'oa siku tatu. Nami nilishika kapu, ninakiri. Alipiga magoti akaanzia ukingoni akizunguka kuelekea kwenye bendera, kile kisu cha Sébastien kikichomoa kila fundo na mzizi wake mzima, bila kukata hata mmoja. Na alikuwa na furaha! Tangu mwezi wa pili sikuwa nimemwona hivyo. Aliimba nyimbo za kanisani za Mahagi, akanisimulia Sébastien alivyokuwa akilala na njaa akiwa na hasira na ukoka. Kwa siku tatu dunia ilikuwa imerudi mahali pake, naye alijua anachokifanya. Jioni ya tatu duara lilikuwa udongo mtupu, safi, kama ua wa mama mkwe anayengoja wageni.

Ingénieur alirudi kesho yake, amekaa mbele ya lori, mashine nyuma imefunikwa turubai. Alishuka anacheka. Akapanda kwenye duara la kwanza, nasi nyuma yake, Mama Gertrude amevaa kitenge kizuri.

Alilizunguka duara lote, akarudi pale alipoanzia.

"Mama," akasema mwishowe, "majani iko wapi?"

"Haiyaota bado, Ingénieur. Ni ukoka njo ilikuya. Lakini nimeimaliza. Hata moja haiko."

Akavua kofia. Akachuchumaa, akauchimba udongo kwa kidole, hapa, pale. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama, ile ukoka njo majani yetu. Njo yenye nilileta."

Mama Gertrude hakulia wala hakuomba msamaha. Aliuliza swali, na aliliuliza kwa dhati, kama mwanafunzi. "Weye ulipakia ukoka mu gari, ukavuka nayo mipaka mbili, ukaileta hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Hapa?" akaonyesha kilima chote kwa mkono.

"Ni ya familia moja na ile ya hapa," akasema Ingénieur. "Ndugu yake. Yangu iko fupi zaidi, tofauti ni ile tu." Naye sasa alianza kuonekana kama mtu aliyejisikia akisema jambo la ajabu.

Mimi nilitamani kilima kinimeze. Nilisema kosa ni langu, nikalisema tena kwa sauti, lakini Mama Gertrude alikuwa ameshaondoka. Nilimkuta nyumbani kwake anafunga sufuria kwenye shuka. Prezida Louis angepanda kilimani kesho yake kuja kuiona mashine. Angeliona duara pia. Nilimwambia aache kufunga. Akasema anafunga ili mikono iwe na kazi, kwa sababu kichwa hakimpi jibu. Akakaa juu ya furushi. "Régine," akasema, "kama miye sijue ukoka, basi najua nini?" Hapo nilishindwa kabisa kuyazuia machozi, na mimi si mwepesi wa kulia.

Ingénieur alibisha hodi. Hakuja kugomba. Aliuliza tu yale majani yaliyong'olewa yalitupwa wapi, pengine baadhi yana uhai, pengine yatapandika tena. Mama Gertrude akamwonyesha mlango wa nyuma bila kusimama. "Pale natupaka yote. Mu korongo."

Akatoka. Tukasubiri. Muda ukapita, nikadhani ametumbukia. Nilipotoka nilimkuta katikati ya mteremko, amevua viatu, viatu amevishika mkononi, anatembea taratibu kwa miguu mitupu na uso wa mtu aliyeingia kanisani. Chini yake palikuwa na ukoka. Ukoka wa miaka ishirini na sita, kapu juu ya kapu, kila fundo limeota mahali lilipoangukia, na mbuzi wa jirani yetu Patou wakiula kila siku mpaka ukashindwa kurefuka, ukabaki kunenepa na kufungana. Tulikuwa tunapita hapo kila siku. Nilikuwa ninaanika nguo hapo! Lakini sikuwa nimepatazama kwa miguu mitupu.

"Nani alipanda hii?" akaita.

"Hakuna mutu," Mama Gertrude akajibu kutoka mlangoni. "Ilitupwa."

"Iliona jua yote ya hapa, haikukufa. Mama, hii inapita yangu."

Mama Gertrude alinigeukia. Macho yake yaliuliza kama anatukanwa.

Prezida Louis alipofika kesho yake alikasirika robo saa, halafu Ingénieur akamvua viatu naye akashuka korongoni, tumbo mbele. Ikaamuliwa palepale. Tulikata ukoka vipande vipande kwa chepeo, kila kipande na udongo wake, tukavibeba kwa toroli na kuvipanga kwenye duara la kwanza, kimoja ubavuni mwa kingine. Mama Gertrude alipewa kazi ya kuvibana viungo. Siku ya kwanza mikono yake ilikuwa inakosea. Ilikuwa inabana kwa kidole gumba, halafu inavuta. Nilimwona akijipiga kofi mkononi kama anayemkanya mtoto. Siku ya nne ilizoea, au ilichoka.

Pentekoste duara la kwanza lilikuwa kijani kutoka ukingo hadi ukingo. Wageni wa Uganda waliupiga mpira, ukateleza, ukaingia, wakapiga makofi. Prezida Louis akasimama akasema kwamba majani haya ni ya Ituri, si ya kuletwa, na aliyeyaandaa kwa miaka ishirini na sita ni Mama Gertrude, ambaye tangu leo ni mkuu wa kazi zote za uwanja, na nyumba ni yake mpaka atakapochoka yeye mwenyewe.

"Lakini miye sikupanda kitu," akasema Mama Gertrude. "Nilikuwa naikataa." Makofi yakamfunika. Mgeni mmoja akamkumbatia. Alikumbatiwa akiwa amenyoosha mikono chini, akinitafuta kwa macho juu ya bega la yule mgeni.

Kwa hiyo amebaki. Nashukuru Mungu, maana buveti bila yeye ingekuwa kuuza mandazi tu. Mwezi wa nane, mvua za pili zikianza, maduara manane yaliyobaki yatabadilishwa yote, ya namba saba pia. Ingénieur ana orodha. Anamwita mwalimu wake, na nadhani hatanii.

Lakini juzi asubuhi nilikuwa natengeneza chai nikamwona anashuka kutoka juu. Maduara manane bado ni meusi, na amri yao bado ni ile ya zamani, kwamba jani lisiote. Alikuwa ametoka namba saba. Mkono wa kulia ulikuwa na kisu cha Sébastien, wa kushoto ulikuwa umeshika ukoka, konzi nzima, mizizi ikidondosha mchanga wenye mafuta. Akasimama mbele ya kaunta. Korongoni sasa ni udongo mwekundu, tumepachota pote, na Ingénieur amekataza mtu kukanyaga pale mpaka paote tena.

"Régine," akasema, "hii nimeitoa pale Sébastien alianguka. Mwezi wa nane batairudisha palepale." Akaufungua mkono, akautazama ukoka, akaufumba. "Sasa naitupa wapi?"

Nilimmiminia chai. Aliishika kwa mkono wa kulia, kisu kimelala juu ya kaunta, akanywa yote amesimama, na mkono wa kushoto hakuufungua.